Alama ya Kutoa Mbele ya Jina

Vijana wa maktaba, siku mliyoniaga mlinipa keki na jembe jipya, mkaniomba niwaandikie ninavyotafuta vitu kwenye mtandao, eti swali linalowachukua nyinyi asubuhi nzima mimi hulimaliza kabla chai haijapoa. Sasa nina miezi miwili nyumbani Sironga, migomba nimeshapalilia, kisingizio sina. Nitaandika. Ila niwaambie mapema kwamba ustadi huo sikuupata kwa akili. Niliupata kwa kosa, na kosa lenyewe halikurekebishika. Anayetaka maandishi ya kuchangamsha moyo akasome matangazo ya harusi.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa ya vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini niliajiriwa mjini Kisii, katika duka la spea la familia moja ya Kihindi. Nilikuwa nimesomea kupiga taipu, na nilikuwa nimeahidiwa kupiga barua. Siku ya kwanza nilivaa tai. Kufika saa nne grisi ilikuwa imefika kwenye kola, nabeba mikanda ya vinu vya kusaga mahindi kutoka stoo, na barua ya kwanza niliipiga wiki mbili baadaye. Tai sikuivaa tena mpaka nilipooa.

Aliyenifunza kazi ni mke wa mwenye duka, Nalini, ambaye sote tulimwita Mama Ketan kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikaa kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, na alijua kila nati imelala wapi. Kitu kimoja kilinichekesha kwake. Hakuwahi kutaja jina la mumewe. Alikuwa "yeye", au "baba ya Ketan", au kidole kilichoelekezwa ofisini. Mgeni akiuliza mwenye duka anaitwa nani, Mama Ketan alinitazama mimi, nami nikajibu. Nilimjibia hivyo miaka mingi, na sikuona zaidi ya kichekesho.

Wateja walitoka Nyamira, Keroka, mpaka Nyansiongo kwenye mashamba makubwa ya zamani ya wazungu. Mtu aliingia, akaegemea kaunta, akasema, "Nipe ile kitu ya kuzunguka." Mimi mbio stoo. Narudi na vitu vitatu, vyote sivyo. Wiki yangu ya pili Mama Ketan alinishika mkono wa shati.

"Mokua, miguu yako nguvu sana, lakini mdomo iko lala. Usiende stoo. Uliza kwanza tatu. Inafanya kazi gani? Huko kwenu mnaita nini? Na ile ya zamani, umebeba?"

Hilo la tatu ndilo lililonishangaza. Karibu kila mara mteja alikuwa amebeba. Beringi iliyopasuka ilikuwa mfukoni, imefungwa kwa gazeti, na mwenyewe aliona haya kuitoa kwa sababu ilikuwa chafu. Mtu ametoka Nyansiongo na jibu mfukoni, amesimama mbele yako nusu saa, anangoja umwulize. Nilijifunza kuuliza. Kwa miaka sita nilikuwa mwuza spea hodari, na kama ningebaki huko kwenye spea leo ningekuwa nalala vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mwenye duka alitenga kona moja, akaweka kompyuta, printa iliyopiga kelele kama cherehani, na modemu. Akabandika karatasi dirishani kwamba hapa kuna intaneti. Wengi mjini walidhani ni aina ya dawa ya mifugo. Kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kupiga taipu, nilikabidhiwa kona hiyo, na benchi moja la kukalia wateja.

Msifikirie mtandao mnaoujua nyinyi. Tulipiga simu mpaka Nairobi, modemu ikalia, ikakoroma, na mara nyingine ikashika. Picha moja ilishuka polepole, paji la uso kwanza, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukakuta pua. Tena mvua ya Kisii hushuka kila alasiri kama saa tisa, na ikishuka laini ilikatika. Kwa hivyo kazi yote ya maana ilifanywa asubuhi.

Nazo mashine za kutafuta za wakati ule hazikukisia unachotaka. Uliandika maneno manne, zikakuletea kila ukurasa wenye lolote kati ya hayo manne, maelfu kwa maelfu, na unachokitaka kimezikwa chini kabisa. Nilisoma maelezo yake usiku na mchana mpaka nikayajua kwa moyo. Ukifunga maneno kwa alama za kunukuu, unataka yafuatane vivyo hivyo. Ukiweka alama ya kujumlisha mbele ya neno, lazima liwepo. Ukiweka alama ya kutoa, kila ukurasa wenye neno hilo unatupwa nje, hutauona kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kwa kidole kimoja nilifuta takataka ya dunia nzima.

Jina likaenea. Daktari wa mifugo alikuja na ng'ombe wa Nyansiongo waliokuwa wakitupa mimba, akaeleza dalili, nikafunga maneno, nikatoa maneno, na kabla ya saa sita alikuwa na karatasi nane mkononi na dawa akaijua. Mwalimu mkuu mmoja alinipigia saluti barabarani. Kichwa kikavimba. Wateja wakianza kunisimulia shida zao, niliwakata kauli. "Nipe maneno matatu tu," niliwaambia. "Hadithi mashine haitaki." Yale maswali ya Mama Ketan niliyaacha kule kwenye beringi. Niliona ni ya watu wasio na mashine.

Mwaka huo Mama Ketan alisafiri India kumwuguza mama mkwe wake, akakaa huko miezi mitatu. Ndipo Omong'ina Bosibori alipokuja.

Omong'ina kwetu ni mama mtu mzima wa kuheshimiwa. Alikuwa mjane kutoka upande wa Nyamira, mkulima wa chai, Msabato, na alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Kijana huyo alikuwa Marekani chuoni, mwaka wa tatu. Kijiji kizima kilikuwa kimechanga ili aende. Kila mwezi aliandika barua, kisha barua zikakoma. Miezi miwili kimya. Mtu sokoni akamwambia kuna mtoto wa Sironga mjini anayeweza kumwona mtu popote duniani kwa mashine. Akaja Jumanne, amevaa viatu vyake vya kanisani, kikapu mapajani, akaketi kwenye benchi langu. Tulizungumza Ekegusii, lugha ya kwetu.

"Mwanangu, nimekuja unitafutie mtoto. Nataka kujua tu kama yuko hai."

"Tutampata, mama. Jina?"

Aliweka mikono miwili juu ya kikapu. "Zakaria. Zakaria wa Mayaka."

Nilikuwa nimeshaandika kabla hajafunga mdomo. Zakaria Mayaka, ndani ya alama za kunukuu. Mashine ikajibu kwamba hakuna ukurasa wowote. Nikalegeza. Nikaandika Zakaria, Mayaka, Kenya, Kisii, kila neno peke yake. Sasa zikaja kurasa bila kikomo, na zote zilikuwa za mambo mawili. La kwanza ni vinyago vya mawe vya Tabaka. La pili ni mwanariadha mmoja wa kwetu aliyekuwa akishinda mbio huko Ulaya na Japani, jina lake Ogeto. Ogeto huyu alikuwa kila ukurasa, Ogeto amefika wa kwanza, Ogeto ameumia goti, Ogeto amepona.

Nikacheka, nikasema kwa sauti, "Mama, huyu Ogeto amejaa humu ndani, anatuharibia kazi."

Alishtuka. Akainamisha uso, akavuta leso mpaka ikafunika mdomo, akatazama sakafu. Niliona, na nikadhani ni uchovu wa safari. Nikarudi kwenye kioo cha kompyuta, nikaandika alama ya kutoa mbele ya neno la mawe, na alama ya kutoa mbele ya jina Ogeto. Kurasa zote zikatoweka, zikabaki sita, safi kabisa. Nikazisoma moja moja. Hakuna mtoto wa Bosibori.

"Leo hayumo," nilimwambia. "Rudi Jumanne."

Alirudi. Alirudi Jumanne tano. Kila mara aliketi pale pale, kikapu mapajani, mikono miwili juu ya kikapu. Nilikuwa nimeyahifadhi yale maneno niliyoyapanga, na nilijivunia nilivyoyapanga. Nilikuwa nayaingiza vile vile, na alama zangu mbili za kutoa mahali pake. Jumanne ya pili hakuna. Ya tatu hakuna. Jumanne ya nne aliniambia kwamba bado anafagia esaiga ya kijana, kile kijumba ambacho kijana wa Kigusii hujengewa akikua, na ametandika kitanda.

"Mashine imeangalia dunia yote, mama," nilimwambia. Nilisema hivyo. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na nilimwambia mjane kwamba nimeangalia dunia yote.

Akanitazama usoni muda mrefu kama mtu anayengoja niendelee. Kisha akashukuru, akaenda zake. Mtazamo ule nimeufikiria zaidi ya kitu kingine chochote maishani.

Jumanne ya sita Mama Ketan alikuwa amerudi. Alikuwa kwenye kiti chake kirefu, anakagua stoo iliyovurugwa bila yeye, alipomwona mama kwenye benchi. Akaniuliza ni nani. Nikamweleza, na nikamwonyesha kioo, nikitarajia sifa.

"Umeuliza tatu?" akasema.

"Hii si spea, Mama Ketan."

Akashuka kitini, akaketi kando ya Omong'ina Bosibori, akamwamkua kwa Kiswahili, naye akaitikia kwa Kiswahili chake kidogo cha sokoni.

"Mama, kijana kule nafanya kazi gani?"

"Anasoma mambo ya maji. Mabomba."

Jumanne sita nilikuwa sijui hata hilo.

"Nyumbani wewe naita yeye nani?"

"Tata," akasema mama. Yaani Baba, kwa Ekegusii.

Mama Ketan akavaa miwani yake. Akamtazama, kisha akatazama mlango wa ofisi alimokaa mumewe. "Na barua yake ya zamani, umebeba?"

Omong'ina Bosibori akafungua kikapu. Akatoa karatasi ya nailoni, akaifungua, akatoa barua. Alikuwa nayo Jumanne zote sita, mikono miwili juu yake, hatua mbili kutoka kwangu. Mama Ketan akanipa bahasha. Nyuma yake kijana alikuwa ameandika jina lake kwa mwandiko wa shule, mkubwa, safi. Ogeto Z. Mayaka.

Ngoja niwaeleze, maana baadhi yenu mmezaliwa mijini. Kwetu Gusii mke hataji jina la baba mkwe wake. Hata akiwa amekufa. Ni heshima, kama ile ya Mama Ketan kwa jina la mumewe, na ukivunja heshima hiyo unajiletea aibu mbele ya wazima na wafu. Na mtoto huzaliwa akapewa jina la babu yake aliyefariki. Sasa mama atamwitaje mtoto huyo? Humwita Tata. Au humwita kwa jina la ubatizo. Zakaria lilikuwa jina la mdomo wa mama yake na la kanisani tu. Shuleni, kwenye pasipoti, na huko ng'ambo, alikuwa Ogeto. Mamangu mzazi alimwita kaka yangu Tata mpaka alipokwenda kaburini. Hakuna Mgusii asiyejua jambo hili. Nililijua tangu sijaota meno. Lakini mbele ya ile mashine nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mtoto wa mtu.

Nikarudi kwenye kioo. Nilifuta ile alama ya kutoa, nikaandika Ogeto na Mayaka, majina yote mawili lazima yawepo. Ilikuwa karibu saa nane na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mji. Laini ikakatika. Nikapiga tena. Ikakatika. Mama Ketan alisimama nyuma yangu ameshika kiti changu. Mara ya tatu ikashika.

Ukurasa ulikuwa wa kwanza kabisa. Wa kwanza, vijana. Ulikuwa wa chuo chake, na ulikuwa na matangazo matatu, moja juu ya lingine. La chini ndilo la zamani. Lilisema mwanafunzi wao Ogeto Mayaka yuko hospitalini, amepoteza fahamu, na anayejua familia yake Kisii, Kenya, tafadhali apige simu. Namba ilikuwa hapo. Lilibandikwa siku tisa kabla mama hajaketi kwenye benchi langu mara ya kwanza. La katikati lilisema amefumbua macho kidogo, ana homa ya ubongo, anamwita mama yake, na bado hawajampata mtu wa kwao. Lilikuwa la wiki ya Jumanne ya tatu. La juu lilisema amezikwa Ijumaa iliyopita kwenye makaburi ya kanisa la mji ule, na wanafunzi wenzake wanne walisimama mahali pa familia.

Wao walikuwa wanamtafuta mama, mama alikuwa anamtafuta mtoto, na mimi nilikuwa katikati yao nimefunga mlango. Simu ilikuwa mezani pangu, karibu na mkono.

Sikuweza kugeuka. Mama Ketan ndiye aliyenigeuza, kwa bega, kama mtoto. Nikapiga magoti mbele ya benchi na nikamwambia yote. Sikuficha ile alama. Nilimweleza kwamba mashine ilikuwa naye tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyeiambia isimwonyeshe.

Hakulia. Aliikunja barua akairudisha kwenye nailoni.

"Siku ile ya kwanza ulilitaja jina," akasema. "Nilisikia. Nikasema moyoni, mashine imemwona, imemwambia jina lake. Kwa hivyo sina haja ya kulitaja mimi. Nikangoja unieleze."

"Nisingejua, mama. Ungeniambia tu kwamba ana jina lingine."

"Wewe si mtoto wa Gusii?"

Aliuliza kwa upole kabisa, na kweli alitaka kujua. 

Mvua ilianza juu ya mabati. Mama Ketan alileta chai ambayo hakuna aliyeinywa. Baadaye omong'ina aliuliza wamemzika kichwa kikielekea wapi, nikasema haikuandikwa. Akauliza kama huko kuna migomba. Nikasema hapana, kuna theluji. 

"Waandikie barua," akasema mwishowe. "Waambie mama yake yupo. Waambie waandike jina juu ya kaburi, wasimwache bila jina."

Nikavuta taipu, ile ya zamani, maana laini ilikuwa imekufa. Nikaweka karatasi. Niliandika anwani, niliandika salamu, nikafika mahali pa jina na vidole vikasimama. Kila Mgusii aliyekuwa dukani angeweza kulitaja jina lile isipokuwa yeye. Nilikuwa naanza kuliandika mwenyewe aliponishika mkono.

"Ngoja. Wewe umeshamtoa mara moja," akasema. "Nitamtaja mimi."

Akasimama. Akaondoa leso mdomoni. Akasema, "Ogeto," kwa sauti iliyofika barabarani, jina la baba mkwe wake, mchana, mbele ya watu. Wazee wawili waliokuwa wakinunua mikanda walivua kofia na kutazama chini. "Ogeto, mwana wa Mayaka. Ni mtoto wangu. Andika."

Niliandika. Hakurudi tena Kisii, na nilisikia kwamba esaiga ilibomolewa mwaka uliofuata.

Niliacha duka baada ya hapo, nikaingia maktabani, na mengine mnayajua. Mnadhani nikimkalisha mwanafunzi kwenye kiti na kumwuliza maswali robo saa kabla ya kugusa kompyuta, ni uzee. Wengine mmenicheka, na mna haki. Uliza kinafanya kazi gani, uliza nyumbani mnakiitaje, uliza kama amebeba cha zamani. Hiyo ndiyo mbinu yangu yote, na si yangu. Na alama ya kutoa hamjaniona nikiitumia hata mara moja kwa miaka ishirini.

Siku yangu ya mwisho, nyinyi mkiwa mnakata keki, niliketi kwenye ile kompyuta ya dirishani nikaandika majina yale mawili, bila kutoa chochote. Yalikuja majibu mamilioni. Mkimbiaji bado yupo, ana mvi, anafundisha vijana mbio. Vinyago vya Tabaka vipo. Nilifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine mpaka mkaniita mara ya tatu. Ukurasa wa chuo haupo tena. Wameufuta, kama kurasa za zamani zinavyofutwa, na sasa hata anayejua kuuliza hatampata.